Boga Lisilo na Tundu

Jumamosi, 17 Oktoba

Habari kubwa! Bi Peaslee anaachia kiti. Ametangaza leo maktabani, mbele ya rafu ya vitabu vya upishi, kwa sauti ileile anayotumia kumkumbusha mtu arudishe kitabu. Magoti yamemchoka, amesema, na kiti cha Saa ya Hadithi ni kifupi mno kwa mtu mwenye magoti ya namna yake. Kwa hiyo kuanzia Novemba, kila Jumamosi asubuhi, watoto wa Dunmill watasimuliwa na mtu mwingine. Nani? Atakayewashika watu kuliko wote kwenye masimulizi ya ukuta wa uwanjani, jioni ya Halowini.

Nilikuwa nyuma yake nikipanga vitabu. Nikasema: mimi. Hakusikia. Nikasema tena. Bi Peaslee akauliza kama kuna mtu ameacha dirisha wazi.

Nakitaka kiti kile. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Nina shahada ya fasihi. Tasnifu yangu ilihusu ukimya, na ilikuwa ndefu kuliko nilivyotakiwa. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kumaliza sentensi mezani kwa Shangazi Hester bila mtu kuomba chumvi. Kile ndicho kiti pekee katika mji huu ambacho ukikikalia, wengine wanakaa chini na kunyamaza.

Kikwazo: Delphine Thibodeau. Mwalimu wa chekechea. Tulisoma darasa moja. Kila mwaka boga lilelile la meno matatu, kila mwaka dubu yuleyule aliyekwenda kung'olewa jino, na kila mwaka watu wanacheka kama hawajawahi kumsikia. Ana sauti kama kengele. Mbaya zaidi, ni mwema.

Kikwazo cha pili: kanuni ya ukuta. Unawasha mshumaa ndani ya boga ulilolichonga, unasimulia. Mshumaa ukizimika kabla hujamaliza, unafunga mdomo, na jirani yako wa kulia anaimalizia hadithi yako apendavyo yeye. Mshumaa ukifa, hadithi imehama. Hapa hata mtoto wa kunyonya analijua hilo. Mwaka juzi kisa cha mapenzi cha mwoka mikate kilihamia kwa fundi bomba. Wapenzi wale waliishia kwenye mtaro wa maji machafu.

Langu halitazimika. Nimeshaanza kupanga.

Jumapili, 18 Oktoba

Hatua ya kwanza: kumnyima Delphine boga.

Nilipanda kilimani, kwenye shamba la maboga, kabla jogoo hajakohoa. Nikachagua yote ya duara, yote laini, yote yenye rangi ya jua linalozama. Mwenye shamba akaniuliza, binti, unafungua hoteli? Nikasema ni utafiti. Akasema: aa, basi pole.

Toroli lilijaa hadi maboga yakawa yananitazama usoni. Barabara ya kilimani, sijui kwa nini sikulifikiria hili, inashuka moja kwa moja hadi mlango wa kanisa. Nayo leo ilikuwa ibada ya mavuno, na mlango ulikuwa wazi.

La kwanza lilianguka kwenye kona. Lilibingirika taratibu, kwa heshima, kama muumini aliyechelewa. Likaingia mlangoni, likapita katikati ya mabenchi, likasimama mbele ya mchungaji wakati akisema nchi itatoa mazao yake. Mengine yakalifuata. Waumini wakasema amina. Mchungaji akanishukuru mbele ya watu wote kwa sadaka niliyoitoa kwa moyo mkunjufu. Ungesema nini hapo? Nikainamisha kichwa.

Nimerudi nyumbani na maboga matatu.

Delphine alitoka kwenye kwaya akanisaidia kusimamisha toroli. Akasema, Vinnie shoga, wewe una moyo. Baadaye nimesikia amepanda shambani, na lililobaki lilikuwa moja tu, kombo, ambalo kikonyo chake kimepinda kama kiwiko. Mwenye shamba alikuwa amelitenga ampe mbuzi.

Kumbe siku haikuwa mbaya.

Jumanne, 20 Oktoba

Hadithi yangu ni hii. Mjane wa kinu cha chini anaweka taa dirishani majira yote ya baridi, akimngoja mumewe ambaye bwawa limemmeza. Hakuna kicheko hata kimoja ndani yake. Nimehakikisha.

Nikaanza kuchonga dirisha, taa na mjane. Boga la kwanza: kisu kiliteleza, shingo ya mjane ikakatika, kichwa kikaangukia ndani. Shangazi Hester, ambaye hatupi kitu, akampika mchuzi wa maziwa. Boga la pili: nilitoboa macho, matundu mawili yakaungana, mjane akawa na jicho moja la kinyama. Huyo tumemla na vitunguu.

Likabaki moja. Nikaweka kisu chini nikatafakari. Tatizo si mkono wangu. Tatizo ni matundu! Dunmill nzima inatoboa. Macho, pua, meno, toboa, toboa. Ushamba mtupu. Mimi sitatoboa. Nitakwangua. Nitaliparua ganda polepole hadi nyama ibaki nyembamba na mwanga upite kama unavyopita kwenye pazia.

Nimekwangua kutwa. Shavu la mjane. Mikunjo ya shali. Theluji kwenye kioo. Hakuna tundu hata moja! Kisha nikazima taa ya chumba, nikatia kurunzi ndani, maana mshumaa ungelitia masizi.

Alikuwa hai. Naapa alikuwa anapumua. Nikalia kidogo.

Shangazi akachungulia, akasema ni mzuri mno, mwanangu, ila kakonda. Akauliza kama nimebakiza nyama ya kutosha pai.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimekwenda kupeleleza. Nilijificha kwenye kichaka cha waridi chini ya dirisha la chekechea. Kichaka hakina majani. Yalipukutika yote wiki iliyopita. Hilo sikulizingatia. Watoto wote walikuja dirishani wakanipungia mikono. Delphine akafungua mlango: Vinnie, unaganda huko, ingia bwana! Nikaingia. Nikapewa kikombe cha maji ya tufaha ya moto na mbegu za boga za kukaanga.

Nikaliona. Lile kombo! Amelilaza ubavu, na kile kikonyo kilichopinda amekifanya pua. Pua ndefu, yenye nundu, inayonusa. Hakukata kitu kingine ila vijicho viwili. Eti mwaka huu dubu amepumzika. Boga hili linanusa uongo. Kila mtoto alitaka kunieleza limemnusa nani leo, na mmoja akanisogezea ile pua hadi kwenye koti langu, akaniuliza nilikuwa nafanya nini kichakani.

Mimi ndiye niliyemwachia boga lile. Mimi, kwa akili zangu timamu.

Halafu Delphine, kwa wema wake usiovumilika, akawaambia watoto kwamba hata dada Vinnie anajua hadithi. Wakakaa chini. Wakanyamaza. Kile ninachokiota kilikuwa pale pale mbele yangu, kwenye zulia, kikinikodolea macho. Nikafungua mdomo. Kikatoka kitu chembamba. Msichana mmoja mwenye kamasi akauliza, mwalimu, mbona huyu dada analia kama friji?

Delphine akamwambia, shh, mpe nafasi. Nikasema nimeacha sufuria jikoni, nikaondoka.

Naandika kwa utulivu. Hadhira ile ni changa mno kwa kazi yangu.

Jumamosi, 24 Oktoba

Adui mpya: kindi.

Boga nililiweka barazani lipate baridi lisioze. Asubuhi nimemkuta ameketi juu yake, anatafuna upindo wa shali ya mjane. Alinitazama kama mtu aliyekatizwa chakula. Nikampigia ukelele. Yaani, nilidhani ni ukelele. Yeye aliendelea kula.

Nikalipaka boga lote pilipili ya unga. Kisha nikafuta machozi ya hasira kwa mkono uleule.

Sitayaandika yaliyofuata. Shangazi alinishikilia kichwa chini ya bomba, huku akiniuliza, hivi we mtoto, kule chuo walikuwa wanawafundisha nini hasa? Nikasema fasihi. Akasema ndiyo, inaonekana.

Jioni jicho moja bado limefumba. Kwa lile lililobaki nimemwona kindi amerudi. Anapenda pilipili. Amemleta na mwenzake.

Boga limehamia chumbani kwangu, karibu na dirisha lenye ufa. Palipoliwa shali nimepageuza theluji. Kazi imekuwa bora zaidi, kusema kweli.

Jumatatu, 26 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya glavu. Jumatatu kabla ya Halowini kila msimulizi anaweka glavu yake moja juu ya ukuta wa mawe unaozunguka uwanja, na mahali pa glavu ndipo pa boga lake. Glavu ya mtu haiguswi. Ndiyo maana wiki hii mji mzima unatembea na mkono mmoja mfukoni.

Nilisimama pale muda mrefu nikiwaza nani awe kuliani kwangu. Mshumaa wangu hautazimika. Lakini mtu mwenye busara anajenga na mlango wa nyuma. Fundi bomba? Hapana. Delphine? Mungu apishie mbali.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Orrin Cobb! Kiziwi, mfugaji, hana maneno. Kila mwaka anaweka glavu yake kushoto kabisa, jiwe la kwanza, mahali ambapo hapana hadithi inayoweza kuhamia. Huliwasha boga lake, husimama nalo kidogo kofia mkononi, halafu huenda kukamua. Hajawahi kusema kitu. Huyo ndiye jirani! Hata likinitokea la kutokea, hadithi yangu itaangukia kwa mtu asiyesikia wala asiyesema, nayo itakufa kwa heshima zake.

Nikaitazama glavu yake. Nikatazama huku na huku. Nikaichukua nikaiweka kuliani kwa yangu. Hakuna aliyeniona ila kunguru.

Alasiri mzee akaja kukagua. Jiwe la kwanza halina glavu. Akapekua majani yaliyoanguka, akapekua mifuko, akaufuata ukuta hadi akaikuta. Mimi nilikuwa karibu, natazama mawingu. Aliitazama ile glavu kwa muda. Kisha akasema, kwa ile sauti kubwa ya viziwi wanaodhani wananong'ona: Kumbe kuna mtu kanitaka karibu.

Akatoa tufaha mfukoni akanipa.

Nikasikia kitu kinanibana kifuani. Nikala lile tufaha, kikapita.

Jumatano, 28 Oktoba

Mazoezi ya sauti. Nilishuka kwenye ghala la chini, kati ya mitungi ya kachumbari, nikamsimulia mjane kwa mjane mwenyewe. Mara ya kwanza: mnong'ono. Mara ya pili: mnong'ono wenye hisia. Mara ya tatu nilihisi nimefika mahali.

Saa hiyo hiyo Shangazi alikuwa juu anampigia simu fundi wa gesi. Kuna kitu kinavuja chini, alimwambia, kinafanya ssss. Fundi akaja mbio na kifaa chake, akafungua mlango wa ghala akiwa amejiziba pua, akanikuta nimefumba macho, mikono nimeinyoosha mbele ya boga. Akageuka akamwuliza Shangazi, mama, hii nayo nizime? Shangazi akasema, hiyo haizimiki, hiyo ni mtoto wa kaka yangu.

Walicheka hadi nje.

Nimewasamehe. Nimefikia uamuzi. Sipazi sauti. Anayepaza sauti anawafuata watu, anayenong'ona anawavuta. Hiyo ni sura ya pili ya tasnifu yangu. Watu wataona boga, watashikwa na bumbuwazi, watasogea. Ukimya utafanya kazi iliyobaki.

Ijumaa, 30 Oktoba

Delphine amekuja na pai ya boga. Eti ya kunitakia heri. Eti wasiwasi ni kitu cha kawaida, hata yeye huwa nao kila mwaka. Alisema hadithi ikinikwama nimtazame yeye usoni, atanitikisia kichwa kunitia moyo.

Anataka nini huyu?

Sikuionja. Shangazi ameila yote. Nimemchunguza hadi sasa. Yuko hai, na anaimba.

Jumamosi, 31 Oktoba

Adhuhuri. Baridi kavu, hakuna upepo. Majani yote yameshaanguka, anga liko wazi, mji unanuka moshi na sukari ya donati.

Mshumaa nimechagua mnene kuliko wote dukani. Kifuniko cha boga nimekikata kwa mshazari kisitumbukie, na nimekisugua kikaa sawasawa hadi kinabana kama kizibo cha chupa. Upepo hauna pa kuingilia. Hauna!

Nimefikiria kila kitu. Niko mtulivu kama maji mtungini.

Jumapili, 1 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Jua lilipozama tulisimama ukutani, kila mtu nyuma ya boga lake, na watu wa Dunmill mbele yetu wakiwa na blanketi mabegani na vikombe vya maji ya tufaha. Bi Peaslee alikaa mbele kwenye kiti cha kukunja. Kushoto kwangu alikuwa Delphine. (Alikuwa ameihamisha glavu yake Jumanne asubuhi iwe karibu na yangu. Ya kwake mwenyewe, anaruhusiwa. Eti nisione upweke. Sikuwahi kwenda kukagua.) Kuliani kwangu, Mzee Cobb. Boga lake lilikuwa na macho mawili na mdomo mmoja, na hata hivyo halikuwa sawa.

Delphine akasimulia. Pua ikanusa. Ikamnusa mwoka mikate aliyesema donati ni za leo. Ikamnusa mchungaji aliyesema hakusinzia kwenye mkutano. Watu walishika mbavu. Mshumaa wake uliwaka hadi mwisho, ukabaki na kipande cha akiba.

Kisha mimi.

Nikawasha. Nikafunika. Na mjane akatokea.

Nitakumbuka sauti ile maisha yangu yote. Watu wote walisema *aaa*, kwa pamoja, kwa chini, kama pumzi moja. Shangazi Hester alimwambia jirani yake, huyo ni wetu, katoka kwetu. Mtoto mwenye kamasi alikuwa mdomo wazi.

Nikaanza. Hapo zamani, kwenye kinu cha chini, aliishi mjane. Fundi bomba akasema, sauti, dada! Nikaendelea kwa mnong'ono. Watu wakasogea! Kweli walisogea! Sura ya pili ilikuwa inatimia mbele ya macho yangu. Nikasema kila usiku aliweka taa dirishani, na pale pale mwanga wa boga ukapungua kidogo. Nikafikiri, ajabu, hata boga linahuzunika. Nikasema na bwawa lilikuwa limeganda. Mjane akawa wa rangi ya chungwa, akawa wa kahawia. Uzi mwembamba wa moshi ukatoka kwenye ukingo wa kifuniko.

Giza.

Fundi bomba akaruka juu kwa furaha. Limekosa hewa! Hana hata tundu! Jamani, huyu katengeneza chungu!

Na ukuta mzima, na uwanja mzima, wazee kwa watoto: Imehama! Imehama! Imehama!

Delphine peke yake hakusema. Alikuwa ananitazama anatikisa kichwa polepole, kama alivyoahidi, akidhani hadithi imenikwama tu.

Sikuogopa. Nilikuwa na mlango wangu wa nyuma. Mzee Cobb hakuwa amesikia neno. Ila uziwi haumzuii mtu kuona kwamba watu wote wamemgeukia. Akatazama boga langu jeusi. Akatazama lake linalowaka. Akauliza, kwa ile sauti yake ya kupita mto: Imehama kwangu?

Watu wakaitikia kwa vichwa.

Akavua kofia. Akaniinamia akaniuliza inahusu nini. Nikamwambia, mjane. Akasema nini? Nikamwambia, mjane wa kinuni. Akatikisa kichwa kama aliyeelewa kabisa, akawageukia watu akasema: Basi kulikuwa na ng'ombe.

Ng'ombe!

Aliitwa Duchess. Kulikuwa na dume ng'ambo ya bwawa la kinu, na Duchess alikuwa na fikra zake. Asubuhi moja ya Januari akaamua kuvuka barafu. Mzee akalala kifudifudi juu ya ukuta kutuonyesha alivyomfuata kwa tumbo, kamba mdomoni, barafu inalia *kraa* chini ya kitovu. Ng'ombe anageuka kumtazama, anamhurumia. Akafanya ile sura ya ng'ombe. Bi Peaslee alicheka hadi kiti kikajikunja chenyewe. Mwisho wake ng'ombe ndiye aliyemvuta yeye hadi nchi kavu, kwa sababu mke wake, Ada, alisimama ukingoni na fanusi akaita jina mara moja, na Duchess alikuwa akimsikiliza Ada tu.

Nikadhani imeisha. Kumbe hapana. Akasema, mwaka ule ule Ada akafariki. Na ng'ombe yule, akasema, kila jioni anatoka zizini anakuja kusimama dirishani jikoni, anachungulia. Anamtafuta. Nikimrudisha, anarudi. Nikaona hivi: nimwekee taa pale, angalau aone vizuri kwamba hayupo. Majira yote ya baridi nimeiwasha taa ile. Ilipofika machipuko tulikuwa tumeshazoea wote wawili, mimi ndani, yeye nje.

Akavaa kofia. Akasema, haya, basi.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesogeza hata kikombe. Ukimya ule! Ukimya ninaoujua kwa kurasa nyingi kuliko mtu yeyote aliyekuwapo, na haukuwa wangu.

Nataka iandikwe mahali. Dirisha: langu. Taa: yangu. Bwawa, baridi, kungoja: vyangu, vyangu, vyangu. Ameniibia hadithi nzima bila kuisikia hata neno moja.

Bi Peaslee akasimama, akapenga kamasi, akasema kiti ni cha Mzee Cobb. Mzee akasema nini? Mchungaji akamwambia. Nini? Delphine akamwambia kwa ile kengele yake. Mzee akatabasamu akasema asante, na yeye anaipenda hali hii ya hewa. Shangazi akajaribu. Fundi bomba akajaribu kwa mikono. Mzee akaanza kukusanya boga lake aende kukamua.

Sijui kilinipata nini. Hasira, nadhani. Hata adui lazima ajue kwamba ameshinda, la sivyo yote haya yalikuwa ya nini? Nikajaza kifua. KITI! WAMEKUPA KITI! CHA HADITHI! KILA JUMAMOSI!

Mbwa wa upande wa pili wa mto wakaanza kubweka. Kunguru wote waliruka. Mtoto mwenye kamasi akashika masikio.

Mzee akageuka taratibu. Akasema: Eh. Huyu nimemsikia.

Halafu akasema hawezi kukikalia peke yake, watoto watauliza maswali naye hatasikia. Bi Peaslee akanitazama kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuniona maktabani. Akasema, kwa jina langu kamili, basi Lavinia atakaa karibu yako, atakupigia kelele maswali yao.

Delphine alinikumbatia. Nilikuwa nimechoka mno kumshuku.

Jumamosi, 7 Novemba

Saa ya Hadithi ya kwanza.

Mzee alikaa kwenye kiti kifupi, magoti yakifika kidevuni, na watoto walijaa hadi kwenye rafu za upishi. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, sikioni kwake. Alisimulia kisa cha kuku aliyejidhani paka. Sina maoni.

Mtoto anauliza, mimi napiga kelele. JE, ALIKAMATA PANYA? Mzee anajibu. JE, ALILALA WAPI? Anajibu. Mwisho wote wakawa wananigeukia mimi kwanza, kila mkono uliokuwa juu ulikuwa unanielekea mimi, wakinyamaza hadi nimalize. Bi Peaslee baadaye akaniambia mwoka mikate alinisikia akiwa dukani kwake, na wazazi wameniulizia, eti nina sauti nzuri mno, nilikuwa nimeificha wapi, na je, nisingependa siku moja kusimulia mwenyewe?

Hawajaelewa. Kile ni kelele tu, mtu yeyote mwenye hasira anaweza. Sauti yangu halisi bado naihifadhi.

Lakini kiti kiko umbali wa kiwiko, na mwenye kiti anasikia kile tu ninachompelekea mimi. Hilo limenijia leo katikati ya kuku: mjane wangu anaweza kufika kitini kwa mlango wa nyuma! Kwa hiyo msichana mwenye kamasi alipouliza kama kuku alijifunza kuogelea, nilivuta pumzi nikampelekea mzee: WANAULIZA HABARI ZA MJANE WA KINUNI!

Watoto wote wakapaza sauti: Hatujauliza hivyo! Muongo! Dada muongo! Mmoja akamwita mwalimu Delphine alete pua. Mzee akaona midomo yao inavyocheza, akaniuliza wanasema nini, nikalazimika kumpelekea kuku na kuogelea.

Nimelitafakari jambo hili tangu adhuhuri, nimelipima kila upande, na sasa naona kosa lilikuwa wapi. Sikupaza sauti ya kutosha kuwafunika. Jumamosi ijayo nitapaza zaidi.